Gari Likizima Ukikanyaga Mafuta: Pima Kwanza, Ndiyo Ukate



Leo siongelei mashela, wala hina, wala mapambo ya ukumbi. Naongelea gari. Najua kuna watakaosema hayo ni ya wanaume na kutaka kuruka. Nawaomba msiruke, hasa nyinyi mnaohesabu siku za kuolewa, maana bibi harusi mmoja alikosa gauni lake siku ya ndoa kwa sababu ya gari langu. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa la gari.

Mimi si fundi magari. Ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, na sasa nina duka langu hapa Mahurunga. Nashona magauni ya harusi, mabuibui na sare za shughuli. Gari langu ni IST, nimelipata kwa pesa ya cherehani na ya mchezo wa kina mama, miaka sita ya kujinyima. Ndilo linaloleta vitambaa kutoka Mtwara mjini, na ndilo linalopeleka kazi kwa wateja. Kwangu gari si fahari. Ni mkono wa tatu.

Ilikuwa msimu wa korosho, pesa za mnada zimeingia, na huku kwetu pesa za korosho zikiingia harusi nazo zinafuatana. Nilikuwa na gauni la bibi harusi wa Mikindani. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya Alasiri, na mimi niliahidi gauni litafika kabla ya Adhuhuri. Malipo ya awali nilishachukua.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Wakati naahidi, gari lilikuwa na wiki tatu linanisumbua. Likisimama linaunguruma vizuri tu. Nikiondoka taratibu linakwenda. Lakini nikikanyaga mafuta kwa nguvu, labda napanda kilima au nataka kupita lori, linashtuka mara mbili, linakata pumzi, kisha linazima. Nawasha, linawaka. Naenda, linazima tena. Nilijua. Nikasema Mungu atanifikisha.

Siku ile lilizima mara nne kabla sijafika mjini. Mara ya tano lilizima wakati napita lori lililobeba magunia, nikiwa upande usio wangu, na kwa mbele kuna bodaboda anakuja. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki nazo zikaanza kugoma. Alhamdulillahi, dereva wa lori aliona, akapunguza mwendo, nikapata upenyo wa kuliingiza gari pembeni. Nilikaa pale mikono inatetemeka, gauni jeupe limelala kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake.

Nilifika Mikindani ndoa imeshafungwa. Bibi harusi alivaa gauni la dada yake, limebanwa kwa pini mgongoni. Somo yake ndiye aliyenipokea mlangoni. Hakunigombeza. Alichukua mfuko, akaniambia, "Pole kwa safari, mwanangu," akarudi ndani. Afadhali angenigombeza. Pesa nilirudisha yote, gauni nikaliacha. Picha za siku ile zipo, na katika kila picha mwenyewe amevaa nguo ya mtu mwingine.

Gereji ya kwanza: kukata bila kupima

Baada ya siku ile nilipeleka gari gereji moja mjini, sitaitaja. Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume. Fundi alifungua boneti, akamgeukia mdogo wangu, akamwambia, "Kaka, hizi plagi." Tukanunua plagi nne. Gari likazima vilevile. Tuliporudi akasema, "Kaka, hii itakuwa pampu ya mafuta." Tukanunua pampu, na ile ya zamani sikuiona tena. Gari likazima vilevile. Mara ya tatu akasema kilichobaki ni kontroboksi, na bei yake aliyotaja ilinifanya nitafute pa kukaa.

Mpaka hapo nilishatoa shilingi 290,000: plagi 60,000, pampu 180,000, na ufundi 50,000.

Dada zangu, katika mara zote tatu hakuna aliyeniuliza mimi swali hata moja. Dereva ni mimi. Aliyezimikiwa na gari mbele ya bodaboda ni mimi. Mdogo wangu hata leseni hana. Lakini yeye ndiye aliyeambiwa "kaka", mimi nikapewa kiti na soda. Na mimi nikanyamaza, nikaona labda ndiyo adabu.

Nanyi mnaonifahamu mnajua siku mteja akija na gauni linalomvuka begani siwezi kuchukua mkasi papo hapo. Nitamwambia avae, asimame, ainue mkono, akae, atembee. Nitamuuliza linakubana ukifanya nini? Likibana akiinua mkono, tatizo liko kwapani. Likibana akikaa, tatizo liko nyongani. Jibu lake ndilo linaloniambia nikate wapi. Fundi anayekata kabla ya kuuliza anajifunzia kwenye kitambaa chako. Na fundi magari anayebadilisha spea moja baada ya nyingine bila kupima anajifunzia kwenye mfuko wako.

Gereji ya pili: mzee mwenye maswali

Shoga yangu mmoja alinielekeza kwa mzee mwenye gereji ndogo chini ya mwembe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Gari la nani?" Nikasema langu. Akavuta kigoda, akaniambia, "Basi kaa unieleze. Mimi sijaliendesha."

Akaniuliza hivi. Linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Nikasema wakati wote. Tenki likiwa limejaa au limepungua? Nikasema sioni tofauti. Linazima ghafla kama mtu amezima taa, au linahangaika kwanza? Linahangaika kwanza. Ukikanyaga pole pole? Linavumilia. Ukikanyaga ghafla? Linazima. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na ukirudi nyuma?"

Nilicheka, maana jambo lile nilikuwa nimeliona siku nyingi nikadhani ni upuuzi. Duka langu liko bondeni kidogo, kila jioni natoka kinyumenyume kupanda barabarani, na hapo nakanyaga mafuta kwa nguvu. Gari halijawahi kuzima hata siku moja. Nikamwambia, "Baba, kurudi nyuma halizimi kabisa." Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, hilo ungewaambia siku ya kwanza."

Kwanza alipima kwa mashine. Mashine ikatoa namba P0171, ambayo maana yake ni kwamba hewa imezidi na mafuta yamepungua kwenye mchanganyiko unaoingia kwenye injini. Akanionya kwamba namba ile si hukumu. Inaweza kuwa mafuta hayafiki vizuri, au kuna hewa inaingia kwa mlango wa wizi. Ndipo akapima msukumo wa mafuta kwa geji, akakuta uko sawa. Pampu basi haina kesi.

Akaniambia niingie ndani, nikanyage breki mpaka mwisho, nivute handibreki, niweke gia ya kwenda mbele, kisha niguse mafuta kidogo. Yeye akasimama pembeni, si mbele ya gari, akamulika kwa tochi. Akaniita nikaone, akamweka kijana wake kwenye usukani. Nikaona injini yote inainuka na kuegemea upande mmoja kama mtu anayegeuka kitandani. Kile kipande cha mpira na chuma kinachoishikilia injini, mafundi wanakiita mauntingi, kilikuwa kimekufa. Na juu yake kuna bomba la mpira linalopitisha hewa kutoka kwenye filta kwenda kwenye injini. Kwa chini, mahali ambapo jicho halifiki, lilikuwa na ufa. Injini ikiegemea kwa nyuma, ufa unafunguka kama mdomo. Gari likirudi nyuma injini inaegemea upande wa pili, na ufa unajifunga.

Kabla hajaniambia ninunue chochote, alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akalizungushia lile bomba, akafunga kwa waya. Akasema, "Kaendeshe." Nilizunguka, nikapanda kilima, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Halikuzima. Ndipo tukanunua bomba lililotumika kwa 20,000, mauntingi kwa 55,000, na ufundi 30,000. Jumla 105,000. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kununua matofali.

Kwa nini ufa mdogo uzime gari zima

Nilimuomba anieleze kwa lugha yangu. Injini inahitaji vitu vitatu: hewa, mafuta na cheche. Magari yetu haya yana kifaa kidogo karibu na filta kinachopima hewa inayoingia, kisha kompyuta inatoa mafuta kulingana na kipimo hicho. Hewa ikiingia kwa kwenye ufa, baada ya kifaa kile, haijapimwa. Kompyuta inatoa mafuta ya hewa iliyoiona tu. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na mafuta kidogo, moto unashindwa kushika.

Ni sawa na mteja ninayempima kiuno amevaa kanga moja, halafu siku ya harusi anavaa vitu vitatu ndani. Gauni haliingii. Futi haikudanganya. Haikuonyeshwa kila kitu.

Na hili si ajabu kwetu. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007. Mpira wa umri huo, kwa joto la injini na mashimo ya barabara zetu, lazima uchoke. Tunanunua gari kwa kuangalia rangi na viti, hatuangalii mipira.

Mambo ya kuangalia kabla ya kwenda kwa fundi

Sisemi ulale chini ya gari na buibui lako. Nasema uwe shahidi mzuri wa gari lako. Chukua daftari, andika lini linazima na linazimaje. Mzee alinipa dalili hizi, nami nawapa kama nilivyopewa. Ni mwongozo wa pa kuanzia, si hukumu.

• Likizima ghafla kama umezima swichi, hasa likishapata moto, kisha likawaka likipoa, anzeni na mambo ya umeme: sensa, rilei, waya zilizolegea.

• Likikosa nguvu kidogo kidogo, likawa baya zaidi kwenye kilima au tenki likipungua, anzeni na mafuta: filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au mafuta machafu.

• Likitetemeka na kumisi, hasa ukikanyaga, angalieni plagi na koili.

• Likizima ukikanyaga ghafla lakini likavumilia ukikanyaga pole pole, angalieni hewa: filta, mabomba ya mpira, na kile kifaa cha kupima hewa, ambacho mara nyingine kinahitaji kusafishwa tu.

• Likiwa halipandi mwendo kabisa, linavuta kwa shida na kupata joto, muulize fundi kama ekzosi imeziba.

Na siku zote anza na kisicho na gharama. Kuangalia kwa macho ni bure. Kukaza waya za betri ni bure. Filta ya hewa ni pesa ndogo, na kwa vumbi la huku kwetu inaziba haraka. Kupima msukumo wa mafuta ni nafuu kuliko pampu. Kontroboksi iwe ya mwisho kabisa.

Kuhusu mafuta niseme neno. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa nchini yalianza kuwekwa vinasaba ili wachanganyaji wakamatwe. Lakini petroli ya chupa ya kando ya barabara haina wa kuikagua. Ukilazimika kuinunua, iangalie ikiwa imetulia kwenye chupa inayoonyesha ndani. Maji hukaa chini, petroli juu. Ukiona mstari katikati, acha.

Mkifika gereji, semeni haya bila haya: Umepimaje? Umeona nini kinachokwambia ni hiki? Tunaweza kujaribu kabla ya kununua? Na spea ya zamani nirudishie. Fundi mzuri hachukii maswali. Mbabaishaji atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu.

Na likizima barabarani?

Usipigepige breki. Injini ikizima, breki bado ina nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo inakuwa ngumu. Basi kanyaga mara moja, kwa nguvu, bila kuachia. Usukani utakuwa mzito lakini haujafungwa, uzungushe kwa mikono miwili. Usichomoe ufunguo gari likiwa linatembea. Washa taa za hatari, toka barabarani, weka pembetatu mbali kidogo na gari, na abiria washuke upande usio wa magari. Na kama unajua gari lako linazima, usilipite lori. Bora ufike umechelewa.

Kwa mabibi harusi

Gari litakalokubeba siku ya ndoa lijaribiwe siku moja kabla, si kwa kuoshwa na kufungwa maua. Lijazwe watu, AC iwashwe, lipandishwe kilima. Gari bovu linaweza kuzunguka mtaa tupu bila kuonyesha kitu, ugonjwa ukajitokeza likibebeshwa. Na gauni lako litoke kwa fundi siku mbili kabla. Sasa hivi mimi mwenyewe sipokei kazi ya kupeleka siku yenyewe ya ndoa, hata mteja akiniongezea pesa.

Tawakkul si uzembe

Kuna dada aliniambia, "Ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, hayo mapima yote ya nini?" Kadari naiamini. Lakini sote tunalijua lile la mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mimi siku ile nilisoma dua ya safari na ngamia wangu nikamwacha wazi. Nilimpakia Mwenyezi Mungu uzembe wangu, nikauita imani.

Na lipo lile la muuza nafaka sokoni. Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya lundo, akakuta chini kumelowa na juu kukavu, akamkemea kwa kuficha kasoro. Zamani nikisikia kisa hiki nilikuwa nawafikiria wauza magari na mafundi wababaishaji. Sasa najifikiria mimi. Nilipokea malipo ya gauni huku najua usafiri wangu umelowa chini. Nilionyesha juu kukavu. Ningemwambia bibi harusi ukweli, angemtuma mtu kuja kulichukua gauni siku moja kabla, na angelivaa.

Wengine watasema mume wangu ndiye anayeshughulika na gari. Sawa, na Mungu amzidishie. Lakini siku litakapozima na wanao wako nyuma, aliyeshika usukani ni wewe. Na siku mumeo atakapolipeleka gereji, ataulizwa linazimaje, naye atakuja kukuuliza wewe. Uwe na jibu. Na kama una binti anayependa kufungua redio kuona ndani kuna nini, usimlazimishe cherehani kwa sababu mama yake ana cherehani. VETA wanafundisha ushonaji, na wanafundisha ufundi wa magari pia. Siku moja nataka nifike gereji nimkute binti mwenye hijabu amevaa ovaroli, aniambie, "Dada, kaa unieleze."

Yule bibi harusi wa Mikindani alinipigia mwezi uliopita. Mdogo wake anaolewa, anataka gauni. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Ushonaji wako sina shida nao, dada. Gauni nitakuja kulichukua mwenyewe."

Nimekubali. Sikumwambia kwamba gari limepona. Ana haki ya kutoliamini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.